Mshika Daftari

Kiti cha chekechea kimetengenezewa mtoto wa miaka minne. Nasema hivi kwa sababu Ijumaa ile, siku ya kwanza ya tamasha, nilikikalia saa nzima na zaidi, mimi mtu mzima niliyeamka saa kumi alfajiri kuwapikia chai na mahamri wafanyakazi mia mbili wa kiwanda kule Changamwe. Magoti yalinifika kidevuni. Miguu ilikuwa imevimba, viatu nimevivua na kuvisukuma chini ya kiti. Mbele yangu, chini ya picha za herufi na matunda, kijana wa Kikamba aitwaye Kioko alikuwa akichekesha watu wanne. Mmoja wa hao wanne alikuwa mlinzi wa shule, na alichongoja ni tumalize afunge mlango.

"Wasee wa Coast," Kioko akasema, "nyinyi hata kucheka mnaweka kesho."

Nikacheka. Si kwamba alichekesha. Nilicheka kwa sababu nilitumwa kwenda kucheka.

Tamasha lenyewe liliitwa Tamasha la Kando. Watu wa maigizo wa huku kwetu, tusiokaa kisiwani, walichoka kuomba kumbi za mjini na kuambiwa warudi wiki ijayo, wakaamua kuonyesha michezo yao hapa hapa Magongo, popote penye paa. Darasa la chekechea, gereji, saluni, ukumbi wa harusi wa Bi Mwanasaumu. Siku tatu, michezo midogo midogo kumi na miwili, mlango wazi kwa kila mtu. Tatizo ni kwamba kila mtu hakuja. Mcheza kwao hutunzwa, husema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kucheza Magongo siku ya Ijumaa mchana.

Mwidani, mzee wa tamasha, alilijua tatizo hilo mapema, akaliwekea sheria aliyoitoa kwenye harusi za wanawake. Usipoonekana kwenye shughuli za wenzio, utapika pilau yako uile peke yako. Basi kila kikundi kilitakiwa kupeleka mtu akae katika kila mchezo wa wenzake, bila hivyo jina lao linafutwa ubaoni. Kikundi cha mume wangu kilikuwa na watu watatu. Luqman, mume wangu, alikuwa na mazoezi. Pascalia, mwigizaji mwenzake, alikuwa na zamu kiwandani. Wa tatu ni mimi. Michezo kumi na mmoja kwa siku tatu, na mwenye makalio ya kuikalia ni Rahima.

Luqman huendesha foklifti katika ghala moja, na hiyo ndiyo kazi inayomlisha. Kazi anayoipenda ni hii. Anaandika, anaigiza, anapaka ukuta rangi, anashona pazia. Mimi ni mshika daftari wake. Mchezo ukiendelea hukaa pembeni ya jukwaa na maandishi yote mapajani, mwigizaji akisahau, hugeuza shingo kidogo na kunong'ona, "Mstari?" Nami nampa. Nyumbani pia ni hivyo hivyo. Nakuna nazi, daftari liko juu ya mtungi wa gesi, na Luqman anazunguka jikoni akikariri. Maneno yote matamu aliyowahi kuniambia aliniambia nikiwa nimeshika daftari, na yalikuwa ya mke wa mtu mwingine.

Miaka kumi na miwili nimempa mistari. Swali aliloniuliza katika miaka hiyo ni hilo moja tu.

Baba yangu alipofariki, mwaka juzi, Luqman alikuwa na onyesho Likoni. Tulimzika baba bila yeye. Alifika siku ya pili ya matanga, rangi ya jukwaani bado iko nyuma ya masikio, akasema alikuwa ameshawaahidi watu. Waombolezaji walimtazama, kisha wakanitazama mimi. Nilinyamaza siku hiyo, nikanyamaza mwaka mzima uliofuata, na kunyamaza huko kulinichosha kuliko sufuria zote za kiwandani.

Kwa hiyo nilikuwa nimekata shauri. Mchezo wa mwisho ukiisha Jumapili, nitamwomba Luqman talaka yangu. Sikumwambia mtu. Ila binti yetu Ummi alipokwenda kwa mama yangu Mjambere kukaa likizo, begi lake lilikuwa na magauni yangu sita chini ya nguo zake. Nilitaka tu tamasha lipite. Nilimtumikia miaka yote hiyo, sikuona vibaya kumalizia siku tatu.

Mchezo wenyewe uliitwa Talaka ya Chumvi. Mume anarudi kazini ana njaa, mkewe anamwekea wali, wali hauna chumvi, na kwa hasira ya chumvi anamtamkia talaka tatu papo hapo. Hasira ikishuka, sahani ikingali na moto, anagundua kwamba tatu hazirudishiki mpaka mwanamke aolewe na mwanamume mwingine na kuachika. Nusu saa iliyobaki anahangaika kumtafutia mkewe mume mbaya kiasi cha kutosha. Watu hucheka sana. Hata mimi nilicheka, mwaka ule alipouandika.

Lakini talaka si kitu cha kuchezea, na Luqman alijua. Ndiyo maana kabla ya mazoezi ya kwanza alikwenda kumuuliza maalimu wetu pale Mikindani tunakokaa, nami nilikuwepo. Maalimu akamjibu kwa upole kwamba ukimwambia mwanamke asiye mkeo, maneno yamepita hewani tu. "Lakini kwa mkeo, mwanangu, talaka haina mzaha. Ukicheza imepita, ukikasirika imepita." Luqman akashukuru, akaenda akamtafuta Pascalia, Mkatoliki kutoka Kitui, hana mume wala habari. Kila Luqman alipomtamkia talaka tatu, Pascalia alikwenda zake nyuma ya pazia akala njugu.

Jumamosi niliketi katika michezo mitano. Katika gereji, vijana wa Kisauni waliigiza bila kusema neno. Mmoja wao aliosha tairi kwa dakika arubaini. Nilipouliza maana yake nikaambiwa ni nchi. Nikapigwa na usingizi nikiwa wima, nikaamshwa na makofi, nami nikapiga.

Mchana nikaenda saluni. Hapo mama mmoja aitwaye Winfred, mtu mzima kama mimi, alichemsha chai kwenye jiko dogo mbele ya watazamaji watano tuliokaa chini ya zile kofia za kukaushia nywele. Hakuigiza sana. Alimimina chai, akampa kila mmoja kikombe, na kila alipotoa kikombe aliuliza swali moja. Akanifikia mimi.

"Dada, mara ya mwisho kuulizwa kama umechoka ilikuwa lini?"

"Sikumbuki," nikasema.

Akatikisa kichwa, akapita kwa mwenzangu. Mwenzangu akaangua kilio. Mimi sikulia, lakini kikombe nilikirudisha kimejaa.

Jumapili, baada ya sala ya alasiri, ukumbi wa Bi Mwanasaumu ulijaa. Sijapata kuona. Watu arubaini na zaidi, wengine wamesimama mlangoni, maana wote niliowakalia siku tatu walikuja kunikalia. Kioko alikuwa safu ya mbele. Winfred alikuja. Wale vijana wa tairi walikuja, kimya kama kawaida yao. Bi Mwanasaumu mwenyewe, mwenye ukumbi, aliketi kwenye kiti chake cha mbao karibu na jukwaa, tasbihi mkononi. Luqman alichungulia kwenye tundu la pazia, akageuka na macho yaliyojaa machozi.

Ndipo simu ikalia. Pascalia.

"Aki Luqman, pole sana. Supavaiza ameita watu wote, kuna mzigo lazima utoke leo. Nikikataa, kesho sina kazi."

Luqman aliikata simu, akakaa juu ya kreti la soda. Nje watu walikuwa wakipiga makofi ya kuhimiza. Kisha akaniangalia, na nikaona uso wake unafunguka.

"Rahima. Wewe waijua yote."

"Naijua."

"Basi utasimama wewe. Vaa leso za Pascalia."

"Na daftari atashika nani?"

"Liache kitini. Mchezo huu mimi siusahau."

Akatoka mbio kwenda kupanga sahani. Mimi nikabaki na leso mkononi.

Nilikumbuka pale pale. Mke wa mchezoni sasa ni mke wa kweli, na mstari ule utasemwa kwangu. Nikamngoja Luqman naye akumbuke. Nikajiambia atakumbuka akinawa uso. Akanawa uso, akajipaka rangi ya jukwaani. Nikajiambia atakumbuka akiweka wali sahanini, wali ule ule wa talaka. Akauweka, akaupapasa ukae vizuri. Alikwenda mwenyewe kwa maalimu, akauliza kwa mdomo wake, na sasa amenisimamisha mbele ya jambo hilo hilo na haoni, kwa sababu alipozitazama zile leso hakumwona mkewe. Aliona daftari limesimama. Alinijia mara moja tu.

"Usisahau kuinama ukiweka sahani."

Ningeweza kumwambia. Neno moja lilitosha, "Luqman, fikiri." Sikumwambia, na sitajitetea. Niliutaka ule mstari. Nilichoka kiasi cha kuona raha kwamba nitapewa bila kuomba, bila kukaa kwenye benchi la kadhi, bila wajomba kukutana juu ya kahawa na kuniambia nivumilie. Nilitia udhu wangu, nikajifunga leso, nikaona haya na furaha kwa pamoja.

Mwidani akavuta pazia.

Nikaingia na ndoo, nikalalamika juu ya maji, wakacheka. Nikampiga kuku asiyeonekana, wakacheka zaidi. Nilikuwa najua kila pumzi ya mchezo ule, na mwili wangu ukaufanya wenyewe. Luqman akaingia, mume mwenye njaa, akanung'unika, akaketi. Nikaweka sahani. Nikainama. Akatia tonge mdomoni, akalitema, akainuka amenyoosha kidole usoni pangu.

"Wewe mwanamke! Mke wangu wewe! Tangu leo..."

Akakwama.

Nilimwona akikumbuka. Kidole kilibaki juu. Watu wakangoja. Kioko alishaanza kucheka mapema. Luqman akageuza shingo kule pembeni, kwa mazoea, akakuta kiti kitupu na daftari juu yake. Akarudisha macho kwangu.

"Mstari?" akanong'ona.

"Waujua," nikamwambia, na sikunong'ona.

Ukumbi ukaangua kicheko. Luqman akashusha mkono.

"Na wewe ulijua? Tangu ulipovaa hizo leso?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Wakacheka tena, maana tulikuwa tukijibizana kwa mwendo mzuri. Bi Mwanasaumu tu ndiye hakucheka. Ametuona harusini, yeye, na pilau yetu aliila. Aliinuka nusu kwenye kiti, tasbihi imening'inia.

"We Luqman! Huyo ni mkeo! Muogope Mungu mwanangu, mzaha mzaha hutumbuka usaha!"

Watu wakampigia makofi wakidhani naye yumo mchezoni.

Luqman hakumsikia. "Kwa nini, Rahima?"

Aliniita jina langu, mbele ya watu, mtu asiyekubali hata koma ya mchezo wake ibadilishwe. Nilikuwa na hotuba ndefu ya jambo hili. Niliitunga jikoni miaka miwili. Kilichotoka ni neno moja.

"Nimechoka."

Wanawake walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. "Hata sisi!" akapiga kelele mmoja kutoka mlangoni. Ndicho kicheko kikubwa kuliko vyote vilivyosikika katika tamasha lile, na nilikipata mimi. Winfred hakucheka. Alikuwa ameweka mkono mdomoni.

Luqman akaketi juu ya kigoda, pahali ambapo mchezoni haketi. Akaisukuma sahani.

"Tangu lini?"

"Tangu matanga ya baba."

Vicheko vikapungua, kisha vikaisha. Sidhani walielewa, lakini kuna sauti mtu akiisikia hujua haikuandikwa. Luqman aliinamisha kichwa. Nilisikia feni ya Bi Mwanasaumu ikikwaruza juu. Alipoinua uso, rangi ilikuwa imeshuka na machozi mpaka shavuni.

"Na ndilo utakalo? Si hasira?"

Nilitaka kusema ndiyo kwa nguvu. Niliisema kwa sauti ya mtu aombaye maji.

"Ndilo."

Akasimama. Akajipangusa mikono kwenye shati, kama anayetaka kusalimia mtu. Bi Mwanasaumu akasema "Astaghfirullah" mara mbili.

"Rahima binti Suleiman," akasema Luqman, polepole, "nimekuacha." Midomo yake ikakaa wazi. Mchezo unasema tatu. Nilimwona anaziangalia zile mbili zilizobaki. "Talaka moja," akasema. "Moja."

Mwidani, masikini, hakujua la kufanya, akavuta pazia. Nje wakasimama wote kupiga makofi, wakapiga miguu, wakapiga na viti. Kioko akachungulia nyuma ya pazia, jasho linamtoka.

"Mama, hiyo mwisho ni moto! Mliiandika lini?"

Luqman alikuwa akiokota wali sakafuni, punje moja moja. Mimi nilikunja leso za Pascalia nikakosea pembe, nikazikunja tena, nikakosea tena. Niliyoyataka nilikuwa nimeyapata, na nilikuwa kama mtu aliyefiwa.

Bi Mwanasaumu akaingia, akamsogeza Kioko kwa kiwiko.

"Nimesikia moja," akamwambia Luqman.

"Moja, mama."

"Wallahi?"

"Wallahi moja."

"Basi mchukue umpeleke nyumbani kwako. Eda ya talaka moja yakaliwa kwa mume, miezi mitatu. Ukitaka kumrejea, mlango u wazi. Usiende ukamtupa kwa mamake ukajitia aibu." Kisha akanigeukia, akanishika shavu. "Na wewe, wasikia? Najua mwanamke akichoka hivyo nguo hutangulia. Magauni yako yako wapi?"

"Mjambere," nikasema, nikacheka peke yangu. Nilijiandaa kwa safari yote, nikasahau kwamba wa kwanza kunirudisha Mikindani angekuwa ni dini.

Tulipanda tuktuk jua likiwa linazama. Yeye alipakata sinia na sahani, mimi nilipakata daftari. Nilitaka kumwambia kwamba nilimsikia anaziacha zile mbili, nikaona nimpe muda, au nijipe mimi. Sijui. Barabara ya Magongo ilikuwa imejaa malori, na nilishukuru kwa kelele zake.

Mlangoni alishusha sinia, akatafuta ufunguo, asiuingize. Akageuka.

"Rahima," akasema. "Mimi..."

Akakwama. Akafungua mdomo, akaufunga. Akageuza shingo kidogo, vile vile kama jukwaani, na midomo yangu, kwa mazoea ya miaka kumi na miwili, ikajiandaa kumpa. Nikaibana. Nikalikumbatia daftari kifuani, nikamwacha asimame pale na sinia lake atafute mwenyewe. Jirani alipita na ndoo, akatusalimia, tukamwitikia.

Luqman akatazama chini, akaiona miguu yangu, jinsi ilivyofura na kumwagika nje ya viatu. Akaitazama kama vile sikuwahi kuwa nayo.

"Yauma?" akauliza.

"Yauma," nikasema, na hapo ndipo nilipolia.